Buldogi aliyepita Shinyanga kwa miguu

Mwezi Februari 1875 buldogi mmoja kutoka Uingereza alipita Usukuma kwa miguu yake mwenyewe. Jina lake lilikuwa Bull. Alikuwa mmoja wa mbwa watano waliokuja na Henry Morton Stanley kwenye ule msafara wake mrefu wa 1874 hadi 1877. Alipita Usiha, kwenye nchi ambayo leo tunaiita mkoa wa Shinyanga, katikati ya yale majabali ya kijivu yaliyorundikana kama yamepangwa na mtu, akaendelea mpaka Kageyi, ufukweni mwa Ziwa Viktoria.

Sasa chukua buldogi wa leo, yule unayemuona Instagram amevaa kikoti, umtembeze kutoka Shinyanga mjini hadi Mwadui saa saba mchana mwezi wa kumi. Usijaribu kweli, maana huenda usifike naye. Kwa hiyo swali letu ni hili: ndani ya miaka 150 nini kilitokea mpaka mbwa wa jina lilelile anahitaji kufanyiwa upasuaji ili apumue vizuri?

Hii ni historia ya pua. Inaanzia huku kwetu, inapita London, inaingia kwenye chumba cha upasuaji, halafu inarudi kwa yeyote pale Kahama, Geita au Katoro anayefikiria kununua kijibwa cha uso bapa.

Mbwa watano, jua moja

Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 akiwa na zaidi ya watu 300, wengi wao wapagazi waungwana kutoka Zanzibar. Tuwe wakweli hapa mwanzoni: kitabu chake kinawakumbuka mbwa kwa majina na kwa huzuni, wakati wapagazi wengi waliokufa njiani hawakuombolezwa kwa namna hiyo. Halafu Stanley alipenda kukuza mambo. Kwa hiyo tunamsoma kwa tahadhari. Ila kuhusu mbwa hakuwa na sababu kubwa ya kudanganya, na maelezo yake yanatupa kitu adimu: mbwa wa Ulaya wa karne ya 19 wakipimwa na jua la Tanganyika.

Kipimo cha kwanza kilikuja mapema. Kwenye tambarare ya Kingani, yaani bonde la Ruvu, hata Bagamoyo haijawa mbali, joto lilimuua Castor, mbwa mkubwa wa aina ya mastifi. Mastifi wa pili alikuwa hoi. Bull na wengine wawili walikuwa wamelala chini wanahema kwa nguvu, lakini wakapona.

Wenzake wakaisha mmoja baada ya mwingine. Bull akabaki. Alifika ziwani, akaendelea na safari, na mwaka 1876 msafara ulipotoka Karagwe ukishuka kusini kuelekea Ujiji, kwenye njia iliyopita Usui, upande wa Biharamulo ya leo, nguvu zikamwishia. Stanley anasema alikuwa mzee, na kwamba alikuwa ametembea kama maili 1,500, yaani kilomita 2,400 hivi. Alijikongoja nyuma ya wabeba bunduki aliowazoea, akalala njiani, akafa akiwatazama wakienda.

Sisemi kwamba Bull alikufa kwa ugonjwa wa kupumua. Hakuna aliyempima, na uzee pamoja na maili 1,500 vinatosha kumuua mbwa yeyote. Ninachosema ni kinyume chake: aliweza. Kwenye joto lilelile lililomuua Castor, mbwa anayeitwa buldogi aliishi karibu mwaka mmoja na nusu akitembea. Uso wake ulikuwa mfupi, ndiyo, lakini buldogi wa siku zile alikuwa bado na pua ya kutumia.

Wakati huohuo, London

Hapa ndipo historia inapofanya utani wake. Msafara ulifika Kageyi mwishoni mwa Februari 1875. Mwezi uliofuata, Machi 1875, Stanley akiwa ameanza kulizunguka ziwa kwa mashua, huko London wapenzi wa mbwa walikutana wakaanzisha chama chao, Bulldog Club. Kazi yao kubwa ilikuwa kuandika na kulinda kigezo: buldogi "halisi" anatakiwa aweje.

Ili uelewe kwa nini walihitaji kigezo, rudi nyuma kidogo. Buldogi alikuwa mbwa wa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya kikatili: kumng'ata fahali aliyefungwa kwenye mti huku watu wakishangilia na kuwekeana dau. Mwaka 1835 Bunge la Uingereza likapiga marufuku mchezo huo. Mbwa akabaki bila kazi. Mwaka 1859 yakafanyika maonyesho ya mbwa mjini Newcastle, na 1873 ikaundwa Kennel Club, chama cha kusajili mbwa na koo zao. Kuanzia hapo mbwa alianza kuhukumiwa kwa macho. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza kukimbia. Kilichoangaliwa ni kichwa kikubwa, taya lililotokeza, pua iliyorudi ndani.

Na jicho la binadamu halishibi. Ukimpa tuzo mwenye uso mfupi mwaka huu, mwakani watakuja wenye uso mfupi zaidi. Mfugaji anamzalisha mshindi na binti wa mshindi mwingine, na vizazi vya mbwa vinakwenda haraka, miaka miwili mitatu tu kizazi kimepita. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi kati ya 1875 na leo. Pagi na mbwa wa Pekingi nao walipitia njia hiyohiyo. Mmoja wa mbwa wa Pekingi wa mwanzo kufika Uingereza alitekwa Beijing mwaka 1860, askari wa Uingereza na Ufaransa walipopora kasri la mfalme wa China, akapelekwa kwa Malkia Victoria. Wakampa jina la Looty, yaani kitu cha kuporwa. Hawakuona hata aibu.

Fuvu limefupishwa, nyama haikuambiwa

Tatizo lenyewe ni rahisi kulielewa. Mbwa alipofupishwa uso, mifupa ilifupika. Nyama ya ndani haikufupika kwa kiasi kilekile. Ni kama kuhamisha vyombo vya nyumba ya vyumba vinne ukavipanga kwenye chumba kimoja cha kupanga. Vyombo ni vilevile, pa kupita ndipo hakuna.

Vizuizi viko vingi, tuvitaje kutoka mbele kwenda nyuma. Kwanza matundu ya pua yamebana, mengine yamekuwa kama mkwaruzo tu wa kisu. Pili, ndani ya pua kuna vifupa laini vilivyojikunja kama karatasi, ambavyo kwa kawaida hupoza hewa. Kwa hawa mbwa vimesongamana mpaka vinaziba njia. Tatu, kaakaa laini, ile nyama ya juu nyuma ya mdomo, ni refu na nene, linaning'inia mpaka kwenye mlango wa bomba la hewa. Wengine pia wana bomba la hewa lenyewe jembamba tangu kuzaliwa.

Kwa nini kubana kidogo kunaleta shida kubwa? Kuna kanuni ya fizikia ambayo wengi tuliikariri shuleni bila kujua kazi yake. Hewa au maji yakipita taratibu kwenye bomba, ugumu wa kupita unategemea upana wa bomba uliozidishwa mara nne kwa wenyewe. Punguza upana uwe nusu, ugumu unapanda mara 16. Pua ya mbwa si bomba la kiwandani na hesabu haikai sawasawa, lakini mwelekeo ni huo: milimita chache ni tofauti ya kupumua na kuhangaika.

Kisha tatizo linajizalisha. Mbwa anavuta hewa kwa nguvu, kama mtu anayevuta juisi nzito ya parachichi kwa mrija mwembamba. Umeona mrija unavyojibana katikati? Ndicho kinachotokea kooni. Mvuto unavuta nyama za pembeni ya zoloto ziingie njiani, zinavimba, njia inazidi kubana, anavuta kwa nguvu zaidi. Mwisho gegedu la zoloto linachoka na kuporomoka.

Sasa ongeza joto la Shinyanga. Wewe unatoa jasho mwili mzima. Mbwa hawezi, anajipoza kwa kuhema, maji yakikauka kwenye ulimi na puani yanaondoka na joto. Mbwa mwenye njia ya hewa iliyobana anapohema anatumia misuli mingi, misuli inazalisha joto, na lile joto alilotaka kulitoa linarudi ndani. Siku ya mawingu anakoroma tu. Siku ya jua kali anaweza kufa mchana mmoja.

Kisu kinaingia

Madaktari wa mifugo walianza kuligusa tatizo hili kwa kisu kwa uzito kwenye miaka ya 1940. Mwaka 1942 madaktari wawili wa Marekani, Farquharson na Smith, walichapisha maelezo ya kupunguza kaakaa laini la mbwa. Wazo ni la fundi cherehani: pazia ni refu, likate liishie mahali pake. Ugumu ni kujua mahali pake. Ukikata kidogo hujasaidia. Ukikata sana, chakula na maji vinapanda puani au vinaingia kwenye mapafu, na hapo umempa mgonjwa ugonjwa mpya.

Mwaka 1949 Trader akaeleza njia ya kufungua matundu ya pua: kata kipande cha ubawa wa pua, kandamiza damu isimame, acha kidonda kipone chenyewe. Wengine baadaye walipendelea kukata kipande cha pembetatu na kushona. Cha kufurahisha ni kwamba mwaka 2008, miaka karibu 60 baadaye, njia ya Trader iliibuliwa tena na kuelezwa upya kwa vijibwa vya aina ya Shih Tzu. Mbinu ya zamani haikuwa mbaya, ilikuwa imesahaulika.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Leonard akaeleza zile nyama za pembeni ya zoloto zinavyochomoza, na mwaka 1960 akaeleza kuporomoka kwa zoloto. Hii ilibadilisha fikra. Ilionekana kwamba ugonjwa una hatua, na kwamba daktari anayesubiri mbwa "akue kwanza" anaweza kumpokea wakati gegedu limeshachoka. Ndiyo maana leo wataalamu wengi wanapendelea kufungua pua na kupunguza kaakaa mbwa akiwa bado kijana.

Mwaka 2008 Findji na Dupré walionyesha njia ya kulikunja kaakaa ili lipungue urefu na unene kwa pamoja. Huko Leipzig, Ujerumani, kundi la Oechtering likaingia ndani zaidi, kwa leza, kupunguza vile vifupa vilivyosongamana ndani ya pua.

Ila usidhani kukata ndiyo sehemu ya kutisha. Sehemu ya kutisha ni kulala na kuamka. Ukimpa mbwa huyu dawa ya usingizi, misuli ya koo inalegea na njia iliyokuwa imebana inaweza kufunga kabisa. Kwa hiyo anapewa hewa ya oksijeni kabla hajalala, mrija unaingizwa haraka, na akimaliza hauchomolewi upesi. Daktari anasubiri mpaka mbwa ameamka vizuri na anaanza kuutafuna. Saa zinazofuata anaangaliwa, kwa sababu koo lililokatwa linaweza kuvimba usiku. Kwa maneno mengine, upasuaji huu unahitaji oksijeni, vifaa, na mtu wa kukesha. Kisu ni cha mwisho kwenye orodha.

Na matokeo? Mbwa wengi wanapata nafuu kubwa: wanalala bila kushtuka, wanacheza, wanakula bila kutapika. Lakini nafuu si kupona. Fuvu linabaki lilelile.

Kisu hakifiki kwenye damu

Hili ndilo jambo ambalo ningependa ulikumbuke kuliko majina yote hapo juu. Mbwa aliyefanyiwa upasuaji akizalishwa, watoto wake wanarithi uso wa wazazi wao. Ushonaji wa daktari haurithiwi.

Watafiti wamekwishaanza kuzisoma jeni zenyewe. Mwaka 2017, badiliko kwenye jeni iitwayo SMOC2 lilionekana kuchangia sehemu kubwa ya ufupi wa uso kwa mbwa. Mwaka 2019, jeni nyingine, ADAMTS3, ilihusishwa na matatizo ya njia ya hewa kwa mbwa aina ya Norwich terrier, ambaye pua yake wala si bapa. Kwa hiyo urefu wa pua ni sehemu kubwa ya hadithi lakini haumalizi hadithi.

Bado kipimo cha pua kinasaidia. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ugonjwa huu uliwapata mbwa ambao pua zao hazifiki nusu ya urefu wa fuvu, na kadiri pua ilivyofupika hatari ilipanda. Uholanzi ikatumia kipimo cha aina hiyo: tangu 2019, mbwa ambaye pua yake haifiki asilimia 30 ya urefu wa fuvu hatakiwi kuzalishwa. Uingereza, Kennel Club na Chuo Kikuu cha Cambridge wakaanzisha mwaka huohuo mtihani wa kupumua: mbwa anasikilizwa kooni, anakimbizwa dakika chache, anasikilizwa tena, anapewa daraja. Norwei waliishia mahakamani; mwezi Januari 2022 mahakama ya Oslo ikazuia kuzalisha buldogi wa Kiingereza, na mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikalitengua zuio hilo kwa buldogi.

Na soko linasemaje? Mwaka huo wa 2022, buldogi wa Kifaransa ndiye aliyeongoza kwa kusajiliwa Marekani, akamng'oa labrador aliyekaa kileleni miaka 31. Sayansi inasema hivi, mfuko unasema vile.

Sehemu ya sababu ni masikio yetu. Mwaka 2012 watafiti waliwauliza wenye mbwa 31 ambao vipimo vilionyesha wana ugonjwa huu. Asilimia 58 walisema mbwa wao hana tatizo lolote la kupumua. Hawakuwa wakatili. Walikuwa wamezoea. Mbwa akikoroma tangu siku ya kwanza, mwenye nyumba anasema "ndivyo walivyo," wengine eti wanaona inapendeza.

Turudi huku kwetu

Mbwa wa kienyeji wa Usukuma hajawahi kuandikiwa kigezo na chama chochote. Alichaguliwa na kazi: kulinda boma, kufuata ng'ombe, kwenda mawindoni, kuishi kwa ugali wa mabaki. Aliyeshindwa kuhema vizuri hakuacha watoto wengi. Utafiti wa jeni uliochapishwa 2009, uliohusisha mbwa wa vijijini wa Uganda, ulionyesha kwamba wengi wao ni wa asili ya Afrika, si mchanganyiko wa mbwa wa kizungu waliopotea njia kama wengi tunavyodhani. Mwangalie mbwa wa Shinyanga: pua ndefu, kifua chembamba, miguu mirefu, manyoya mafupi. Hiyo ni mashine ya kupoza joto. Sisi tunamwita mbwa koko.

Tatizo lake liko kwingine. Yeye anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, na ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Sindano moja kwa mwaka inaokoa mbwa na mtoto wa jirani. Ukiniuliza fedha ya kwanza ya mbwa iende wapi kwenye ukanda huu, iende hapo.

Lakini madini yana tabia yake. Tangu almasi ya Mwadui mwaka 1940, mpaka dhahabu ya Geita na Bulyanhulu mwanzoni mwa miaka ya 2000, fedha ikiingia huku inakuja na vitu vya mbali, na mbwa wa kifahari ni kimojawapo. Sikulaumu ukimtamani. Nakuomba tu, kabla ya kulipa, ufanye mambo haya:

Mwangalie puani. Matundu yawe wazi, uone duara, usione mkwaruzo.

Msikilize. Acheze dakika tatu, halafu mtulize. Ukisikia anakoroma akiwa macho, kaa mbali.

Omba kuwaona wazazi, au angalau video wakikimbia. Uliza kama yeyote amewahi kufanyiwa upasuaji wa kupumua. Kama ndiyo, usichukue mtoto wake.

Muulize daktari wa mifugo wa karibu yako, kwa uwazi kabisa: siku huyu mbwa akishindwa kupumua, oksijeni iko wapi, na nani anaweza kumlaza na kumwamsha salama? Jibu likiwa ni safari ya basi ya saa nyingi kwenye joto, umeshapata jibu lako.

Na kama tayari unaye, usimuuze wala kumtupa. Msizidishe chakula, maana mafuta ya shingoni yanabana njia ya hewa zaidi. Mtembeze alfajiri au jioni. Mfunge mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingoni. Usimfungie ndani ya gari hata dakika kumi. Akianza kuhema kwa sauti ya msumeno, ulimi ukawa wa bluu au zambarau, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, na ukimbilie daktari. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inataka mnyama asiteswe, na kumwacha mnyama akose pumzi wakati unaweza kumsaidia ni mateso.

Kwa wenzangu mnaosoma tiba ya mifugo pale Sokoine na kwingineko, kuna kazi inatusubiri. Mbwa wa uso bapa wakizidi kuja, mtu atatakiwa kujua kuwalaza, kuwakata na kuwaamsha kwenye mji wa nyuzi joto 30 na zaidi. Mtu huyohuyo atatakiwa pia kuwa na ujasiri wa kumwambia mteja, baada ya kushona mshono wa mwisho: huyu tumemsaidia, usimzalishe.